Soketi Alizozipanga Mama

Jamani ndugu zangu, leo nimeaibika mbele ya fundi umeme.

Niko nyumbani Kimuli. Panya wametafuna nyaya za nyumba ya Mama, soketi zilishakufa siku nyingi, kwa hiyo tunazing'oa zote na kupanga upya.

Fundi kafika asubuhi na chaki yake, apige alama za soketi. Nikamwambia mbili zinatosha, sebuleni na jikoni. Mama si anaishi peke yake?

Fundi akacheka. "Mama keshakuwahi."

Kumbe ukutani kuna alama za mkaa! Moja kando ya kila kitanda chetu cha zamani. Vitanda vinne, vyote vimetandikwa.

Nami kwa ujuaji wangu: "Mama, soketi zote hizi za nini? Nani analala huku?"

Mama alikuwa anamenya ndizi. Hata hakuniangalia.

"Mkija, hamkai saa moja, mnasema simu imezima. Mnakwenda senta, kule madukani, kuchaji. Mkirudi, mnaaga."

Fundi akajifanya anatafuta chaki. Na chaki anayo mkononi.

Simu yangu muda huo ilikuwa senta, inachaji. Nimeifuata, ndiyo naandikia hapa hapa. Na tiketi ya kuondoka kesho nilishakata.

Deo, soketi yako iko chini ya dirisha. Jeni, nyuma ya mlango. Koku, pale ulipokuwa unaficha karanga.

Andikeni hapa chini mnakuja lini.

Nikirudi nyumbani, nikamsomee Mama.