Bwana Asifiwe Mlimani Japani

Nikiri ujinga wangu kwanza: Japani sikupelekwa na wito, nilipelekwa na usingizi. Jumapili moja hapa Takoma Park, Marekani, nilisinzia ibadani, nikashtuka mchungaji anauliza, "Nani atakwenda?" Nikadhani ni zamu ya kuleta sambusa, nikainua mikono yote miwili. Kanisa likalipuka vigelegele. Nikapiga makofi na mimi, sijui kwamba najishangilia mwenyewe.

Jambo lenyewe lilikuwa zito. Misheni inayotuazima ukumbi ilitaka kuifuta ibada yetu ya Kiswahili, tuunganishwe na ile ya Kiingereza, eti kwa kuwa watoto wetu wanajibu Kiingereza tu. Uamuzi ungetolewa kwenye mkutano wa wamisionari wake, mwaka huu Japani, na sisi tulipewa nafasi ya msemaji mmoja. Ndiye mimi, ambaye hata Springfield, mji wa jirani tu, naihesabu ng'ambo.

Kwenye uwanja wa ndege, binti yangu Neema aliniaga kwa Kiingereza, akinisihi nisiwaaibishe. Nikamjibu kwa Kiswahili, kwa sauti, watu wakageuka.

Ndegeni nilikula kila nilicholetewa, kwa woga tu.

Kituo cha mafungo, penye mkutano wetu, kiko mlimani, katikati ya misonobari, kimya mpaka nikaona haya tumbo langu liliponguruma. Alinipokea Mama Keiko, mzee wa kanisa dogo la kijiji cha chini. Kiingereza chake cha kuokoteza kama changu, kwa hiyo tulielewana vizuri. Nikamweleza kilichonileta.

"Kwetu tumebaki vikongwe watupu," alisema, akinimiminia chai. "Kila mwaka wanatuambia tufunge kanisa."

"Mnawajibuje?"

"Tunainama. Tunasema asante sana. Jumapili tunafungua."

Nilicheka hadi chai ikanimwagikia mapajani.

Asubuhi ya kikao, mwenyekiti, Mmarekani mpole, alitangaza kwamba kila msemaji ana dakika chache tu. Nikasimama.

"Bwana asifiwe!"

Kimya. Sasa, kwetu salamu hiyo hairukwi. Isipoitikiwa unairudia, na huendi neno la pili hata paa liwake moto.

"Bwana asifiwe!"

Mwenyekiti akaninong'oneza niendelee tu.

"Siendelei, Baba. Hawajaniitikia."

"Muda wako unakwisha."

"Na uishe. Bwana asifiwe!"

"Amen!" Ni Mama Keiko, kutoka nyuma kwenye birika za chai. Wengine wakafuata, kwanza kwa aibu, kisha ukumbi mzima.

"Hiyo ndiyo ibada mnayotaka kuifuta," nikasema. "Kwetu mtu hahubiriwi mpaka aitike kwamba yupo." Nikakaa.

Jioni uamuzi ulitoka: ukumbi tutanyang'anywa. Mwenyekiti akanipa mkono wa pole. Nikainama, nikasema asante sana.

"Jumapili tunafungua," nikaongeza.

"Wapi?"

"Sebuleni kwangu."

Domo langu hili! Mimi ambaye mgeni akibisha hodi huzima taa na kubana pumzi.

Kurudi nyumbani, njia nzima nilijilaumu, lakini sikubadili neno. Nilichojifunza ni hiki: ukumbi ni wa mwenye ukumbi, achukue. Ila ruhusa ya kumwomba Mungu kwa Kiswahili haina ofisi inayoitoa, basi hakuna ofisi ya kuifuta.

Jumapili ya kwanza viatu vilijaa hadi ngazini. Watoto walijibanza jikoni na simu zao, akina Neema, wakizungumza Kiingereza chao. Mchungaji aliposema "Bwana asifiwe," jikoni ndiko kulikoitika kwanza. Natamani mwenyekiti angekuwepo asikie.

Ndipo ngoma ikalia, na mlango ukagongwa. Ni Bi Zuhura, Muislamu wa Tanga anayekaa ghorofa ya chini yangu, kajifunga kanga, mkono kiunoni. Akatutazama wote, akasema:

"Salini hata Kijapani, hainihusu, lakini atakayepiga ngoma kabla sijamaliza chai yangu nitapanda tena, na sitapanda kuokoka."