Kopo na Uwanja

Fundi Kioo na dada yake waligombana kwa simu kila Jumapili baada ya chakula cha mchana, na ugomvi ulikuwa juu ya miji. Waliigombania kwa bidii ambayo watu wengine huiweka kwenye mpira na siasa. Hakuna aliyewahi kushinda, ndiyo maana mchezo ulidumu.

Dada mtu alikuwa karani katika ofisi ya maji, na ofisi ilipohamishiwa ule mji mwingine, mji uliochorwa kwanza kwenye karatasi ndipo ukajengwa, alihama nayo. Kioo aliuita Uwanja. Barabara za huko zilikuwa pana kiasi kwamba ukimsalimu mtu wa ng'ambo, lazima upunge mkono ili kuisaidia sauti. Dada naye aliuita mji wa mdogo wake Kopo, na hakuona haja ya kueleza kwa nini.

"Mdogo wangu, bado mmebanana humo koponi?"

"Tumo. Na ninyi, mmeshapata mtu wa pili mtaani kwenu?"

"Yupo, tena nyumba yake ina madirisha pande zote nne. Wewe ukifungua dirisha unaona nini? Suruali ya jirani."

"Naiona, na najua leo hajaenda kazini. Wewe jirani yako akifa utajuaje?"

Wataalamu hupima miji kwa kuhesabu watu katika kila kilomita ya mraba, kisha hubishana kama hesabu hiyo inaeleza chochote. Kioo aliupima wake kwa masikio. Katika Kopo mtu wa ghorofa ya juu akipiga chafya, wa chini alimwombea afya bila kuinuka kitini. Sukari iliazimwa kupitia dirishani, ikirushwa juu ya kichochoro ikiwa imefungwa vizuri kwenye mfuko. Wanandoa walipogombana, mtaa mzima ulijua nani ana haki, na kesho yake uliwasalimu kwa uangalifu. Maisha hayo yalichosha, ila hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hakuna kinachotokea.

Jina la Kioo lilitokana na kazi yake. Alikuwa fundi wa lipu, na ukuta aliouacha yeye ulitulia hata kinyozi wa ghorofa ya chini akatangaza kwamba angeweza kunyolea watu mbele yake, asinunue kioo. Kinyozi huyo alikuwa na redio isiyozimwa na maoni yasiyozimwa. Kioo alikaa ghorofa ya tatu ya nyumba hiyohiyo, pamoja na mkewe, fundi cherehani. Hawakujaliwa watoto, lakini katika jengo lile hakuna aliyekosa watoto. Wa wenzako walikuwa miguuni mwako siku nzima.

Walipohamia, nyumba ilikuwa ya ghorofa nne. Mwenye nyumba alikuwa mtu mpole, aliyewaita wapangaji wote "wanangu" na kuamini kwamba anga halina mwenyewe. Aliongeza ghorofa ya tano. Haukupita muda, ukuta wa ngazini, kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, ukatoa ufa mwembamba kama unywele. Mwenye nyumba akamwita Kioo.

"Fundi, mwanangu, nifutie huo mstari. Unawatia watu wasiwasi."

Hakusema aukague, alisema aufute. Kioo akachimba pembeni mwa ufa, akautandikia wavu wa kuku, akaupigilia misumari, akapiga lipu juu yake, akasugua mpaka mkono ukawaka moto. Ile ya wavu ilikuwa siri yake ya kazi. Ukuta unaweza kutembea utakavyo huko ndani. Wavu hushika lipu isipasuke, na mpita njia haoni kitu. Fundi mbovu angepiga lipu tupu, ufa ungerudi baada ya wiki mbili na kusema wenyewe ulipofikia. Kioo hakuwa fundi mbovu. Ufa haukurudi, yaani haukurudi mbele ya macho ya watu.

Wapangaji wakapata mazoea mapya. Kila aliyepita ngazini aliupapasa ule ukuta, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake. Mpangaji mgeni akiuliza kama jengo ni salama, kinyozi alimjibu kwa kidole, akionyesha ghorofa ya tatu.

"Unaona pazia lile? Hapo anakaa fundi aliyepiga lipu hii. Maadamu Kioo yumo, na sisi tumo. Siku ukiona pazia halipo, usiniulize, nifuate mbio."

Watu walicheka. Kioo naye alicheka, na kichwa kikamvimba kidogo.

Kisha mwenye nyumba akaanza ghorofa ya sita. Matofali yakapanda ngazi vichwani mwa vibarua kuanzia asubuhi, na milango ya ghorofa ya pili ikaanza kugoma. Mlango uliofungika juzi, leo ulitaka bega. Kioo akaitwa kuipiga randa, ingawa si kazi yake, akaipiga. Majirani walisema ni unyevu. Mkewe, ambaye hakuwa msemaji, alimwonyesha jambo moja tu: bobini ya cherehani ikimponyoka, haikuanguka tena popote ilipotaka. Ilibingirika mpaka kwenye ukuta wa upande wa ngazi, ikatulia pale kama iliyoitwa.

"Sakafu zote zina mteremko," Kioo alisema.

"Mwaka jana hii haikuwa nao."

"Nitaiinua miguu ya meza."

"Meza siyo inayobingirika, baba," alisema mkewe, akaendelea kushona.

Katika wiki hizo dada akamwita aje Uwanja. Alikuwa amejenga nyumba ya vyumba vitatu, na hakutaka lipu ya mtu mwingine. Kioo akaenda shingo upande, amebeba mwiko wake na dharau yake.

Uwanja ulikuwa kama alivyoutukana, na zaidi. Miti ilipandwa kwa mstari, na ilionekana kuogopa kutoka kwenye mstari. Duka lilikuwa mbali kiasi kwamba mtu alikwenda kununua chumvi kama anayekwenda safari. Alasiri moja mbwa alivuka barabara, na Kioo aligundua kwamba amemtazama mbwa huyo tangu ukingo mmoja mpaka mwingine, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine cha kutazama. Mashemeji zake wa huko, ndugu wa mume wa dada, walizungumza polepole, wakimaliza sentensi zao. Katika Kopo sentensi yako ilimaliziwa na mwenzako.

"Umeona hewa?" dada aliuliza kwa fahari.

"Nimeiona. Haina mtu ndani yake."

Siku ya tatu, baada ya chakula, alijilaza kwenye mkeka sebuleni kwa dada yake. Nje palikuwa kimya. Alizoea kusinzia akiwa amezungukwa na kelele, na sasa usingizi ulimkataa, kwa hiyo akaanza kuzikumbuka kelele za nyumbani ili zimbembeleze. Akazipitia moja moja, na kila moja akaipa mwenyewe. Cherehani, ya mke. Redio, ya kinyozi. Kikohozi, cha mzee wa chumba cha nyuma. Visigino, vya mwalimu wa ghorofa ya juu. Vyombo, vya mama wa mapacha. Nyundo, za vibarua wa ghorofa ya sita.

Ikabaki moja isiyo na mwenyewe. Ilikuwa sauti ndogo, kama mchanga unaomwagikia karatasi, unasita, kisha unamwagika tena. Siku zote aliidhania panya, au mtu anayepepeta mchele ng'ambo ya ukuta. Akaifuata kwa kumbukumbu, akateremka nayo ngazi, akaikuta kati ya ghorofa ya kwanza na ya pili, nyuma ya kazi yake nzuri kuliko zote.

Akakaa kitako. Dada yake alimkuta ameegemea ukuta mpya, akiugonga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza.

"Una nini? Nyumba yangu ina kasoro?"

"Haina," alisema Kioo. "Haisemi kitu kabisa."

Alirudi Kopo kesho yake, lipu ya chumba cha tatu haijaisha. Alipofika chini ya jengo alimwomba kinyozi azime redio. Kinyozi alimtazama kama aliyeombwa avue nguo, lakini akazima. Kioo akapanda mpaka pale ngazini, akabandika sikio ukutani. Vibarua walikuwa wameteremka kula. Mchanga ulimwagika, ukasita, ukamwagika tena, safari hii kwa muda mrefu.

Akapanda juu, akamwambia mkewe. Mkewe akaanza kukunja nguo. Inaonekana mizigo ilikwisha fungwa moyoni mwake zamani. Kilichobaki kilikuwa kamba. Wakakubaliana mke aseme anakwenda kumsalimu wifi yake, na Kioo abaki atafute namna ya kuwaambia watu. Namna hiyo haikuwapo, na wote wawili walijua. Mtu atasimamaje mbele ya majirani awaambie kwamba ukuta wanaoupapasa kila siku ni pazia, na aliyelitundika ni yeye?

Mke akashuka na begi, nyuma yake mpagazi amebeba sufuria kubwa na kichwa cha cherehani. Kinyozi alikuwa anamnyoa mteja. Mashine ikasimama katikati ya kichwa.

"Shemeji, safari?"

"Nakwenda kumsalimu wifi."

"Salamu hizo zinapigwa kwa cherehani?"

Mke akaharakisha hatua. Kinyozi akainua macho ghorofa ya tatu. Pazia lilikuwepo bado, lakini Kioo alikuwa tayari ngazini, na nyundo mkononi.

Hakutoa hotuba. Alipiga nyundo ya kwanza katikati ya ule ukuta, na watu walioisikia walipiga kelele kama kwamba amempiga mtoto. Lipu ilitoka vipande vipana, safi, vinavyong'aa. Akaukata wavu kwa koleo, akauvuta. Nyuma yake mchanga ulimwagika mpaka kwenye ngazi, na mbele ya wapangaji wote, pamoja na mteja mwenye nusu ya nywele, ufa ukaonekana. Kioo akatia mkono wake. Ukaingia mpaka kwenye kifundo, na upepo baridi ukampuliza vidole kutoka ndani.

"Mimi ndiye niliyeufunika," alisema. "Tokeni. Nyumba hii inakwenda."

Ngazi zikajaa watu, kila mmoja akiuchungulia ufa. Wachache walitia vidole vyao ndani, wakavitoa upesi.

Mwenye nyumba aliwasili kabla vumbi halijatua. Aliutazama ufa kwa huzuni, kama anayemtazama mtoto aliyevaa vibaya mbele ya wageni.

"Wanangu, nyumba ikipokea mzigo mpya lazima ikae sawa. Hata ninyi mkibebeshwa kitu mnajinyoosha. Fundi amechoka, amesafiri. Huo uwazi utazibwa."

"Mzee, simamisha basi hiyo ghorofa ya sita," alisema Kioo.

"Nikiisimamisha bila paa, mvua itaingia. Unataka wenzako walowe?"

Mama wa mapacha aliondoka jioni ileile, na godoro kichwani. Mzee wa kikohozi alichukuliwa na binti yake. Waliobaki walikuwa wengi kuliko walioondoka, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri; ndilo jambo lililomtisha Kioo zaidi. Kazi zao zilikuwa hatua chache kutoka mlangoni. Shule ilikuwa kona ya pili. Chumba kingine katika Kopo ungekipata wapi, na nani angekuhakikishia kuta zake?

"Twende Uwanja," alimwambia kinyozi. "Kuna nafasi hata ya kutupa."

"Nikamnyoe nani huko? Miti?" Kinyozi alicheka, lakini macho yake hayakuwamo katika kicheko hicho. "Hapa nikifungua mlango kichwa kinaingia chenyewe. Kaka, wewe unaumwa macho tu. Tangu uufungue huo ufa, kila mtu anaugua. Juzi tulikuwa wazima."

Asubuhi iliyofuata mpangaji mmoja alimsimamisha ngazini kwa adabu, akamuuliza ataziba lini, maana upepo unaingia na watoto wana mafua. Wa pili akauliza hivyohivyo. Mwalimu wa juu akamletea chai. Kioo aliwakatalia wote, na chai akainywa. Siku ya nne, alipoona kwamba wameanza kumwamkia kwa kununa, alishusha pazia la ghorofa ya tatu, akalikunja, akalitia kwapani. Kinyozi alimwona akipita nalo. Hakumfuata mbio. Aliongeza sauti ya redio.

Sasa Kioo yuko Uwanja. Amemaliza nyumba ya dada yake, na kazi nyingine anazo, kwa kuwa mji unajengwa. Hutandika wavu pale tu penye kiungo kipya, ukuta unapokutana na nguzo, tena kwanza humwita mwenye nyumba aje kuona. Mkewe amepata wateja wawili, na bobini ikimwanguka hukaa ilipoangukia. Dada ameshinda ubishi, na ameona kwamba ushindi una upweke wake. Jumapili hana wa kumtukania mji.

Kwa hiyo kinyozi ndiye anayepiga simu Jumapili, kulitetea Kopo.

"Vipi huko makaburini kwenu?"

"Tupo," alisema Kioo Jumapili iliyopita. "Ngazini pakoje?"

"Ah, ngazini! Mzee ameleta kijana, fundi mpya. Usikasirike, kaka, lakini amekupita. Ameweka na wavu wake kama wewe. Pita na taa, huoni hata alama. Watu wameshaanza kupapasa tena."

"Na milango?"

"Milango tumeizoea. Wangu siufungi siku hizi, nimetundika pazia. Ghorofa ya saba inaanza mwezi ujao, ujue. Njoo uone mji unavyopanda, acha kukaa na miti."

Nyuma ya sauti yake redio ilikuwa inanguruma kiasi kwamba maneno yalifika vipande vipande.

"Izime kidogo hiyo redio," alisema Kioo.

"Thubutu," alisema kinyozi. "Ikizimwa tu, hapa vinaanza kusikika vitu."