Mikono ya Kukamulia

Jirani yangu hamgusi ng'ombe wake kabla ya kunawa kwa maji ya moto na sabuni, eti chuchu zisije zikaugua. Akishakamua anaingia jikoni, anawafukuza kuku kwenye mkeka wa mwanawe, anazoa kinyesi chao kwa kiganja, anajifuta kwenye gauni, kisha anaponda yai kwa vidole vilevile na kumlisha mtoto. Mtoto anakula kama mchimba kisima, anaharisha, na kila akipimwa kilo zimepungua. Jana mhudumu wa afya alimkuta katikati ya shughuli hiyo, nami nimeketi papo hapo jikoni.

"Mayai anakula, maziwa anakunywa. Sasa dada, chakula kinakwenda wapi?" jirani akamuuliza.

"Mikono unanawa, mama?"

"Mimi? Muulize ng'ombe!"

"Nauliza unapomlisha mtoto."

Alicheka, akanigeukia nimsaidie, nami nikajitia kutazama dari. "Si wangu huyu? Nimnawie kama mgeni?"

Kisha kicheko kikamkauka. Akakitazama kidole chake chenye yai, akamtazama kuku aliyekwisharudi mkekani, akakitazama tena kidole. Kikabaki hewani, na mtoto mbele yake ameachama, anangoja.