Kidonge Chenye Jina la Marehemu

Mama yangu, Bi Asiya wa mtaa wa Bwiza, ukitaka kugombana naye ubebe na chakula cha mchana kabisa. Haambiliki. Anakaanga vitumbua mbele ya nyumba yetu tangu mi sijazaliwa. Mpangaji akilala mpaka jua limepanda, atasikia. Hata shehe akirefusha mawaidha, atasikia. Mtu wa kumtisha mama sikuwahi kumwona, mpaka alipoanza kumwogopa binti yangu.

Binti yangu tulimpa jina la dada yangu mkubwa, Lubna, aliyekufa akiwa mtoto kabla sijazaliwa. Kwetu ndivyo inavyokuwa, marehemu anarithiwa jina. Mpaka kufika miaka saba hakuwa na neno. Halafu akaacha kukua. Gauni la Idi likamkaa vile vile Idi iliyofuata, na mdogo wake Rachid akampita urefu. Uso ukavimba. Akawa anashinda na sweta mchana, hapa Bujumbura, ambapo watu wanatoka jasho wamekaa tu. Na sauti ikawa nzito, ya kukwaruza.

Siku alipomwita bibi yake kwa sauti ile, kijiko kilimtoka mama mkononi kikaangukia kwenye mafuta.

"Huyu si mujukuu wangu," akaniambia. "Ni Lubna wangu. Sauti ni yake. Na sweta alikuwa anavaa hivi hivi. Amerudi."

Niliogopa, sifichi. Kuanzia hapo mama hakupita mlango wa chumba cha watoto bila kufukiza ubani. Mtoto akiingia jikoni, yeye anatoka.

Mi nikampeleka hospitali. Daktari Léocadie akamshika shingo, akamtoa damu, akanieleza: tezi ya shingoni inashambuliwa na mwili wa mtoto wenyewe, na ikichoka, mtoto hakui, anasikia baridi, analala ovyo, masomo yanamshinda. Dawa ni kidonge kila asubuhi kabla hajala kitu, pengine maisha yake yote.

"Asikose," akasema. "Urefu anaoupoteza sasa hautarudi wote."

Mama naye akaita shehe. Jina ni zito, alisema, linamvuta mtoto, libadilishwe. Sikubisha; dua haigombani na dawa. Wiki ile ile mtoto akaanza vidonge, tukasomewa, tukagawa vitumbua vya sadaka, na Lubna akawa Amira.

Sweta akalivua. Sauti ikafunguka, akawa anamkimbiza Rachid uani mpaka majirani wanalalamika. Gauni likapanda juu ya magoti, nami nikalia kwa furaha.

"Umeona?" mama akaniambia. "Ni jina."

Nikacheka, nikamwachia ushindi wake. Na kwa kuwa natoka mapema kwenda dukani, nikamwachia na kazi ya kumpa mtoto dawa. Vidonge vikipungua nanunua vingine, boksi namkabidhi yeye.

Mvua zilipoanza, sweta likarudi. Nikajiambia ni mvua. Halafu asubuhi moja nikamsikia mtoto anaomba maji kwa sauti ile nzito, na mama kaegemea ukuta, kafumba macho. Nikamkimbiza kwa daktari. Majibu ya damu yalipotoka akaniuliza kama mtoto anameza dawa.

"Anameza."

"Apana, mama. Huyu hamezi."

Nilirudi nyumbani hasira zimenipanda. Mama alikuwa anakoroga unga wa mchele. Nikamuuliza vidonge viko wapi.

"Nimevifukia," akasema. "Kwenye boksi wameandika Lubna. Dawa ya Lubna nimpe Amira? Nimwite marehemu kila asubuhi kwa mkono wangu?"

Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nilimwambia hakuna aliyerudi, ila yeye anataka kuzika Lubna wa pili. Nilimwambia ugonjwa huu unatembea kwenye ukoo, nimemweleza daktari habari za dada, amesema hata yeye huenda alikuwa nao. Sauti ile, sweta lile, si mzimu, ni tezi.

Mama akaacha kukoroga. Akaketi chini kwenye mkeka, mikono ina unga.

"Bora angekuwa mzimu," akasema. "Kama ni ugonjwa, basi nilikuwa napiga mgonjwa. Alikuwa analala, Mwantum. Nikimwamsha ni kwa fimbo, nasema ni mvivu, watoto wa wenzangu wanachota maji. Akisema mama nasikia baridi, namwongeza. Malaria ilipomchukua, walipomwosha, alama zangu zilikuwa mgongoni."

Nilimwonea uchungu dada nisiyemjua, na mama pia. Nilikaa naye pale chini mpaka adhana ya alasiri, na unga ule hatukuukaanga.

Jina tumemrudishia mtoto. Dawa bado anampa mama, mi sikumnyang'anya. Anamkalisha mapajani, anamshikia kikombe cha maji, anahakikisha kidonge kimeshuka, na chai anamnyima mpaka wakati wake ufike. Lubna ameanza kukua tena, taratibu. Juzi nilikuwa namsuka nywele, akaniuliza:

"Mama, nikishameza, bibi ananiomba musamaha. Amenikosea nini?"

"We mwambie umemsamehe."

"Nishamwambia," akasema. "Kesho yake ananiomba tena."