Mama Breki, wakili anayeanza na mke wa dereva

Saa nne asubuhi, benchi la watu wanne mahakamani limebeba saba. Askari wa usalama barabarani anatoa ushahidi. Mbele yake amesimama mwanamke mfupi wa makamo, joho limempwaya mabegani, sauti ya chini kama anayeongea karibu na mtoto aliyelala.

"Afande, unasema mteja wangu alinuka pombe. Pombe ipi?"

"Pombe tu, wakili."

"Wewe mtu mzima, pombe unazijua. Bia? Au kali?"

Watu wanaangua kicheko. Askari naye anatabasamu, kisha anafikiri kwa uaminifu kabisa. "Hapana. Ilikuwa tamutamu. Kama matunda yaliyoanza kuoza."

Badala ya swali linalofuata, wakili anamwomba hakimu dakika chache azungumze na mteja wake.

Madereva wanamwita Mama Breki, kwa sababu mteja akianza tu kujieleza, yeye humkatisha: "Breki kwanza! Nyumbani unakaa na nani?" Ana miaka kumi na saba akiwatetea wanaoshtakiwa kuendesha wakiwa wamelewa, na hamsikilizi dereva kabla ya kumsikiliza mke, mama au dada yake.

"Dereva atanidanganya mchana kweupe," anasema ofisini kwake, chumba kimoja juu ya duka la matairi, chenye harufu ya mpira mpya. "Mkewe ndiye anayemvua viatu. Anajua alikunywa nini, na anajua kama hakunywa."

Wateja wake wengi, anakiri bila kupepesa macho, walikunywa kweli. Hao huwashauri wakubali kosa, naye akawaombea nafuu. Mmoja alimwapia kwamba alionja tu. "Nikamuuliza, shemeji, ulionja mpaka ukapaki sebuleni kwa watu?"

Mteja wa leo ni dereva wa lori la taka. Mchana mmoja lori lake lilipanda ukingo wa barabara, likaangusha meza ya fundi viatu. Hakuna aliyeumia. Dereva alishuka akiyumba, maneno yakimkwama mdomoni. Kipima ulevi kilikuwa kibovu siku hiyo, kwa hiyo pua ya askari ikafanya kazi ya mashine.

Mkewe ndiye aliyemweleza wakili ukweli, siku nyingi kabla ya kesi. Mumewe hagusi pombe. Ana kisukari, anakificha kazini, na siku za safari ndefu huruka dawa. Sukari ikipanda sana, mtu huchanganyikiwa na pumzi yake huweza kutoa harufu kama ile aliyoitaja askari.

Ila dereva amekataa katakata jambo hilo lisemwe. Sasa, katika dakika hizo walizopewa na hakimu, anarudia msimamo wake mlangoni mwa mahakama: "Dada, mlevi akimaliza adhabu anarudi barabarani. Mgonjwa nani atampa gari?"

"Ugonjwa ni wako, shemeji," wakili anamjibu. "Ukikataa, nitang'ang'ana na kile kipimo kibovu. Huenda tukashinda, huenda ukafungwa. Lakini mimi sitausema."

Mwandishi wa makala haya ameona mawakili wengi wakinguruma. Hajawahi kumwona aliyeshika ushindi mkononi halafu akasimama kuuombea ruhusa. Amebaki mdomo wazi.

Mke anamshika mumewe mkono wa shati. "Baba watoto, nimechoka kukuficha."

Wanarudi ndani. Dereva anapanda kizimbani na kusema: "Mheshimiwa, sikulewa. Naumwa." Daktari wake, ambaye Mama Breki alimwomba asubiri nje endapo atahitajika, anaingia na kuthibitisha.

Mchana hakimu anamfutia shtaka la ulevi. Anamwamuru pia asishike usukani mpaka daktari aridhike.

Nje, dereva hashukuru mtu. Anakaa kwenye ngazi na kulia. "Sasa watoto watakula nini?"

Mama Breki anavua joho, anakaa kando yake. Wiki ijayo, anasema, watakwenda wote kwa bosi wake kumwomba ampe kazi ya gereji hadi sukari yake itulie. "Kule sina kifungu cha sheria cha kumbana nacho. Nitaomba, na kuomba najua." Anataka pia kupeleka ombi kwa wakubwa wa polisi: kipimo kikiwa kibovu, dereva anayeyumba apelekwe hospitali kabla ya mahabusu.

Dereva anainua uso. "Dada, niambie kweli. Wewe mwenyewe ungepanda gari langu?"

"Leo? Hata unibebe, sipandi."

Mke anacheka huku anafuta machozi. Wakili hacheki.

"Tumia dawa. Siku daktari akiniambia uko sawa, nitapanda. Kiti cha mbele."

"Kwenye lori la taka?"

"Hilo hilo, shemeji. Na macho nitayafumbua njia nzima."