Kichwa cha Shaba na Bakuli la Mama

Kwetu Kabasa, nikiangusha mnyama, nyama ya kuzunguka jeraha anapewa mama. Sijui nani alianzisha desturi hii nyumbani kwetu, lakini ina akili: nyama hiyo imeshasagika, inaiva upesi, na mama yangu hana meno ya kutafunia. Yeye huipokea kama cheo. Ukimnyima, atakununia wiki nzima.

Mwaka jana nilimpelekea rafiki yangu wa Butiama, mnunuzi wa dhahabu, kichwa cha risasi nilichokitoa kwenye mbogo na kukihifadhi kabatini kwa maringo. Tulikiweka kwenye mizani yake ndogo kwa mzaha tu. Kilikuwa kimepungua karibu theluthi ya uzito ulioandikwa kwenye boksi la risasi.

"Hiyo nyingine imeenda wapi?" rafiki akauliza.

Nilijua. Risasi za kawaida zina madini laini ya risasi ndani. Zikigonga mfupa zinamwaga vipande ambavyo jicho halivioni, na ni sumu. Vilikuwa vimeenda kwenye bakuli la mama. Sikucheka tena siku hiyo.

Nikaamua kuhamia risasi za shaba tupu, zisizomwaga vipande. Mjomba, kaka yake mama, ambaye nimewinda naye tangu nianze, aliona nimeharibikiwa akili.

"Shaba ni ngumu, haifungukagi ikiingia mwilini," alisema. "Mbogo akiondoka na jeraha, atarudi kututafuta. Na mimi na wewe ndiyo basi."

Hakuwa anatania. Lakini mimi ni mbishi, hilo Bunda nzima wanalijua. Aina ya kwanza niliyonunua, bunduki yangu iliikataa; matundu yalitawanyika kwenye karatasi ya shabaha. Nikasafisha mtutu mpaka kitambaa kikatoka cheupe, nikajaribu aina nyingine, nyepesi kidogo. Tatu zikaingia mahali ambapo kifuniko cha soda kingezifunika.

"Karatasi haina pembe," mjomba akasema.

Tulienda kuwinda na leseni mkononi na askari wa wanyamapori pembeni. Dume la mbogo lilisimama likinipa ubavu. Nikalenga nyuma ya bega, chini kidogo. Baada ya mlio lilikimbia hatua chache, magoti yakaisha nguvu, likalala. Mjomba alibaki na bunduki begani akisubiri liinuke. Halikuinuka. Nilitamani kurukaruka, kwa heshima ya mnyama nikajizuia.

Kichwa cha risasi tulikikuta chini ya ngozi ya upande wa pili, kimechanua pande nne. Hata hivyo nyama ya jeraha niliizuia isipikwe mpaka mizani iseme. Kesho yake asubuhi nikampeleka mjomba mwenyewe Butiama. Mizani ikasoma uzito ule ule wa kwenye boksi. Nikamwomba rafiki apime tena, si kwa shaka, ni kwa raha tu. Mjomba akavaa miwani, akainama, akasoma mwenyewe.

"Hizi unazinunuaga wapi?" akauliza.

Mchana ule aliipakua nyama ya jeraha kwa mkono wake, akampelekea dada yake. Mama akalitazama bakuli.

"Mbona leo kidogo?"

"Risasi ya mtoto wako haisagi sana nyama, dada," mjomba akasema, akammegea minofu laini kutoka sahani yake.

Mama akala yote. Nami, kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya mizani, nilimtazama akimeza bila kuogopa.