Kuli wa Tanambao na Mkebe wa Kiingereza

Swala ya alfajiri imekwisha, na Maoulida bado hajapewa chai. Amekaa jamvini, nyumbani kwake Tanambao, mjini Mahajanga, mkono wa kushoto ameupakata kama mtoto mgonjwa. Mbele yake mkewe, Hayrat, anapekua mkebe wa biskuti na kutoa kikaratasi.

"Kutosa shehena baharini ili chombo kisizame," anasoma Hayrat.

"Jettison," anajibu Maoulida.

Hayrat anakigeuza kikaratasi, anakikagua, anakirudisha. Mumewe akipata kumi mfululizo, birika litainamishwa. Leo amekosea la saba, na hesabu imeanza upya. Chai inapoa.

Vikaratasi hivyo vimekatwa kwenye mifuko ya saruji. Viko elfu mbili, mia moja na arubaini. Upande mmoja kuna maana kwa Kingazija, upande wa pili neno la Kiingereza, na pande zote mbili zimeandikwa kwa herufi za Kiarabu, kwa kuwa Hayrat hakusoma kwingine ila chuo cha Kurani. Kwa herufi hizo anamkamata mumewe akikosea, ingawa Kiingereza chenyewe hakijui. Wake wengi wangependa kuwa na mkebe kama huo.

Maoulida ana miaka arubaini na moja. Alizaliwa Marodoka, kisiwani Nosy Be, akasoma shule ya Kifaransa miaka minne, kisha akaja Mahajanga kubeba mizigo. Nyumbani anasema Kingazija, sokoni Kimalagasi, na kwa msimamizi wa kazi Kifaransa. Kiingereza hakuna aliyemwomba ajifunze. Kilimjia mwaka 1958, kwenye gazeti lililofungiwa sahani ndani ya sanduku.

"Niliona herufi nazijua zote, lakini hazisemi nami," anasimulia. "Nikaona ni dharau."

Tangu hapo husoma kila kinachotupwa na meli: magazeti, vibandiko vya masanduku, na kitabu kinene cha bima ya shehena kilichokosa jalada. Neno asilolijua hulipigia mstari, hubahatisha maana yake, na Ijumaa baada ya swala huenda kusoma kamusi akiwa amesimama katika duka la Mhindi mmoja wa mtaa wa Mangarivotra. Matamshi huyatafuta melini. Hulitaja neno mbele ya baharia, kisha humtazama usoni. Baharia akicheka, Maoulida hujaribu kulitamka vingine.

Mchezo huo uligeuka tumaini la riziki miaka miwili iliyopita, mwaka 1962, robota la nyuzi za rafia lilipomwangukia ndani ya tishari la kupakulia meli na kumtegua bega. Bega halikurudi sawa. Msimamizi sasa humwita siku mbili kwa wiki, na mvua zikija hamwiti kabisa. Ofisi moja ya wakala wa meli ilikuwa inatafuta mtu wa kusoma hati za Kiingereza, naye akaenda kujaribu.

Akashindwa, na kisa chake kinasimuliwa bandarini mpaka leo. Alikuwa amejifunza kama watoto wa chuo: anaandika maneno thelathini ubaoni, anayahifadhi kwa mfululizo kama sura, anafuta, anaandika mengine. Karani alipomuuliza neno la katikati, ilimbidi aanze mwanzo, kimyakimya, midomo ikichezacheza, mpaka alifikie. Karani akadhani anaomba dua, akaona haya kumkatiza. Muda ukaisha wakiwa kwenye swali la nne.

Alipofika nyumbani, Hayrat alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akachukua mkasi.

"Mtihani si khitma, mume wangu," alimwambia. "Hawaanzi mwanzo."

Kesho anarudi katika ofisi ileile. Ameambiwa mara hii ndiyo ya mwisho, na bega lake limekwisha kumwambia vivyo hivyo.

Jumanne saa tatu anaingia, na kanzu yake imepigwa pasi mpaka mikunjo inakata. Hayrat anasubiri nje, ameegemea ukuta. Saa tano Maoulida anatoka taratibu, uso wake hausomeki.

Wamemuuliza maneno ishirini, anasema, hapa na pale bila ya mpango, na ameyajibu yote. Kisha mkubwa wa ofisi, aliyekuwa akinywa kahawa, akainua kijiko na kumuuliza kinaitwaje. Maoulida hakujua. Kitabu cha bima hakina kijiko.

"Nikamwambia sijui," anasema. "Sikubahatisha. Akacheka sana, kisha akasema mtu anayekubali kwamba hajui hataipoteza meli yake."

Amechukuliwa kwa majaribio ya miezi mitatu, lakini si Mahajanga. Ni Hell-Ville, Nosy Be. Meli inaondoka Jumapili, na Hayrat hawezi kufuatana naye, kwa kuwa mama yake, Bibi Sittou, hasimami tena bila ya kushikwa.

Jumamosi mchana Hayrat anaumwaga mkebe jamvini na kugawa vikaratasi mafungu mawili. Maneno ambayo mumewe huyakosea anamfungia ndani ya kitambaa. Aliyoyaweza anayarudisha mkebeni. Maoulida anamuuliza hayo ana kazi gani nayo.

"Hayo niachie," anasema Hayrat bila ya kuinua uso. "Nitayasoma asubuhi, niwe kama nakusikia unanijibu."

Maoulida anakichukua kitambaa na kukitia sandukuni.

Baadaye, akifunga kamba ya sanduku kwa mkono mmoja na meno, anaeleza mpango wake. Miezi mitatu ikipita salama, atakodi vyumba viwili Marodoka: kimoja cha Bibi Sittou, karibu na mlango ili apate upepo, na kimoja cha yeye na mkewe.

"Na chai," anasema, "huko nitainywa ikiwa moto."

Hayrat anasema hilo wataliona.